Tarakimu Nyekundu

Msimu wa wageni ukikolea, dereva wa utalii Arusha halali, anafumba macho tu. Alfajiri unawahi simba, jioni unaosha gari, usiku unahangaika na tairi. Mwaka ule nilitoka Serengeti, nikashusha wageni uwanja wa ndege wa KIA, nikafika kwa mama, mtaa wa Sakina, nikijiona mzima kabisa.

Nikamkuta mtoto wa dada, anasomea udaktari, kainamia laptopu.

"Anko, nipe dakika kumi tu, nikupime uchovu."

Ukikitazama, kipimo chenyewe kama cha kipuuzi. Kioo cheusi, ghafla zinatokea tarakimu nyekundu zinakimbia. Unabonyeza, zinasimama, na huo ndio muda wako kwa milisekunde, elfu moja zikiwa sekunde moja. Halafu kimya. Sekunde mbili, au tisa, hujui, kisha zinatokea tena. Kijana akaniambia Dinges na Powell, Wamarekani, ndio waliokitoa mwaka 1985, na makali yake ni huo uchoshi wake. Mtu aliyechoka hujikaza akiwa na jambo la kumsisimua. Dakika kumi za kungoja kitu kisicho na maana zinamvua nguo.

Nilianza vizuri: 260, 245, 270. Nikamtania kwamba mzee bado yumo. Halafu 310, 280, na mara 740.

"Kompyuta yako imekwama."

"Haijakwama, Anko. Ikizidi 500 tunahesabu umepitiwa."

Nimepitiwaje, na macho niliyatoa kodo? Mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema kweli, hata kope hukupepesa. Zikaja nyingine kama hiyo, moja ikakaribia sekunde mbili. Na katikati yake najibu upesi kama kawaida! Hapo ndipo nilipoacha utani. Siku zote nilidhani uchovu unakupunguza kasi kidogo kidogo, unauona ukija. Kumbe unakuzima na kukuwasha. Gari likienda kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Nikawafikiria ng'ombe wanaovuka barabara pale Makuyuni.

Kijana akaongeza la utafiti wa mwaka 2003: watu waliolazwa saa sita au pungufu kila usiku kwa majuma mawili walifikia hali ya waliokesha, hadi usiku mbili mfululizo, na wenyewe wakisema wana usingizi kidogo tu. Nilinyamaza. Maneno yangu yaleyale ya njia nzima kutoka Karatu.

Mama naye akataka kujaribu. Polepole, 380, 400, 390, ila hakupitiwa hata mara moja. "Mie nimelala," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake nilikuwa niondoke na wageni wengine kwenda Tarangire. Nikapiga simu ofisini niombe dereva mwingine. Mpangaji wa safari akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza habari za milisekunde, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka, naandika malaria."