Kutunza tovuti ya fraktali nikiwa Kondele, Kisumu

Jioni, vyombo vikishaoshwa, nafungua kompyuta na kuandaa picha ya siku inayofuata. Tovuti yetu ya fraktali, yaani picha za hesabu ambazo umbo lake hujirudia kila unapozidi kuzikuza, haina mwajiri. Tunaoitunza tunajitolea, na ada ya seva tunachangishana kwa M-Pesa.

Mchangiaji hutuma picha pamoja na vigezo vyake: kitovu, ukuzaji, idadi ya marudio, rangi. Naichora upya mwenyewe kabla ya kuichapisha, na isipolingana namrudishia. Hapo silegezi kamba, kwa sababu picha isiyo na vigezo hakuna mwingine atakayeweza kuichora.

Na kanuni ni fupi ajabu! Katika seti ya Mandelbrot, fraktali moja maarufu, unaanza na sifuri, unazidisha namba kwa yenyewe, unaongeza c, yaani namba ya nukta unayoichora, unarudia. Ikivuka umbali wa 2 kutoka sifuri, haitarudi tena. Idadi ya hatua ilizochukua kutoroka ndiyo tunayoipaka rangi. Ukizama ukingoni, karibu na -0.75, unakuta mizunguko kama mikia ya farasi wa baharini, na ndani yake nakala ndogo za seti nzima.

Ukizidi kukuza, namba za kawaida za kompyuta, zenye tarakimu kama 16 tu, huishiwa usahihi na picha inakuwa vigae. Hapo tunahitaji hesabu ndefu zaidi, na picha moja yaweza kula usiku mzima. Umeme nao hukatika, kwa hiyo huweka picha za akiba kwenye foleni ya kuchapishwa.

Wiki hii foleni ina kazi ya mwalimu mmoja wa Kakamega, samawati juu ya kahawia. Sikubadilisha hata rangi moja.