Umri wa kanisa hausomwi dirishani

Nilipoanza kupitia makanisa ya parokia ya Jimbo Katoliki la Lancaster, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, niliambiwa nitazame madirisha: yakiwa membamba yenye ncha, basi kanisa ni la karne ya 13. Ushauri huo ulinipotezea muda mwingi. Makanisa ya zama hizo yalibaki kwa Waanglikana baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16. Wakatoliki waliruhusiwa kisheria kuwa na nyumba zao za ibada mwaka 1791, tena bila mnara wala kengele. Ncha hizo karibu zote ni za karne ya 19, msanifu majengo Pugin na wenzake walipofufua mtindo wa Kigothi wa zama za kati.

Dira nayo iache nyumbani. Mjini kanisa lilifuata kiwanja kilichopatikana, kwa hiyo altare huenda isielekee mashariki kama ilivyokuwa desturi.

Kanisa la Mtakatifu Wilfrid, Preston, lilinikosesha kabisa. Niliangalia kuta za nje nikaandika mwisho wa karne ya 19, kumbe lilifunguliwa 1793 na sura ile ya nje lilivishwa baadaye. Mtakatifu Walburge, mji huohuo, lina mtego mwingine. Kanisa hilo, lililosanifiwa na Joseph Hansom, lilifunguliwa 1854, lakini mnara ulimalizika miaka ya 1860. Una urefu wa mita 94 hivi, hakuna kanisa la parokia Uingereza lenye mnara wenye ncha mrefu kuliko huo, na mawe yake ya chokaa yalikuwa mataruma ya reli ya Preston na Longridge. Ndiyo maana ni mweupe kuliko kuta zilizo chini yake.

Siku hizi naanzia sakafuni, na tochi ya pauni chache. Omba taa zizimwe. Ilaze tochi sentimita 5 hivi juu ya sakafu, mbele ya ngazi za altare, mwanga upite sambamba na vigae. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Ukimulika kwa ubavu, kila kiraka kinatupa kivuli. Viraka vya saruji vilivyopangana kwa nafasi sawa ni matundu ya nguzo za uzio wa komunyo, ule mfupi ambao waumini walipigia magoti mbele ya altare, uliong'olewa makanisa mengi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Kisha papasa kingo za altare iliyosogezwa mbele. Nakshi ikikatika ghafla na jiwe likawa na makwaruzo ya msumeno, hiyo imechongwa kutoka ile ya zamani.

Mwisho hesabu misalaba ukutani. Kanisa lililotabarukiwa kwa desturi ya zamani lina 12, palipopakwa krisma (mafuta matakatifu), na halikutabarukiwa kabla deni la ujenzi halijaisha. Kwa hiyo mwaka wa kutabaruku huweza kupishana sana na ule wa jiwe la msingi. Ukipata 9 au 10, sogeza kwanza mabango na makabati.