Krimu hii ni ya mtoto mmoja

Januari ndio mwezi mgumu kwetu hapa Nakuru. Mvua imekatika, upepo unashuka kutoka Menengai na vumbi lake, asubuhi baridi, mchana jua kali, na ngozi ya binti yangu inakauka hadi kupasuka. Ana ukurutu (eczema) tangu akiwa ananyonya. Humtoka kwenye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, na ukizidi, shingoni. Maelezo mengi yanasema ngozi itakuwa nyekundu. Yake haiwi nyekundu. Huwa nyeusi zaidi, ya zambarau kidogo, na ina vichele unavyovihisi kwa kidole kabla hujaviona. Kwa hiyo kila jioni nampapasa kwanza, ndipo nawasha taa nitazame.

Wiki hii ukurutu umeamka tena. Usiku nimemsikia akijikuna usingizini, na asubuhi shuka lina vidoa vya damu. Nimerudi kwenye krimu ya steroidi aliyoandikiwa na daktari wa ngozi.

Mamangu haipendi kabisa. Kwake, dawa hiyo "inamaliza ngozi", na angependa mtoto apakwe mafuta tu na kuombewa. Naelewa anakotoka, maana ameona wanawake waliojichubua kwa krimu kama hizi. Lakini mtoto anayejikuna usiku kucha halali, darasani anasinzia, na vidonda vya kucha vinaingiza vijidudu. Kumwacha hivyo kwa sababu ya hofu pia ni kumdhuru. Nikamweleza kwamba steroidi ni ndugu wa homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye tezi zilizo juu ya figo, na kwamba haidrokotisoni ya kupaka imetumiwa na madaktari tangu 1952. Hutuliza ule uvimbe wa ngozi. Haing'oi ukurutu, ila inaipa ngozi nafasi ya kujifunga tena.

Shida huanzia kwenye kiasi, mahali na muda. Na nguvu ya dawa yenyewe, kwa sababu asilimia iliyoandikwa kwenye tyubu hupotosha watu wengi. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu. Betamethasoni ya asilimia 0.1 ni kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 tu ndiyo kali kupita zote hizo, mara mamia ukilinganisha na haidrokotisoni. Mtu akichagua kwa kuangalia namba ndogo akidhani amepata dawa ya upole, amechukua ile ambayo hata mtu mzima hupewa kwa uangalifu.

Kipimo nilionyeshwa kwa kidole changu mwenyewe. Unaminya mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Ni kidole cha mtu mzima, hata kama anayepakwa ni mtoto. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha sehemu ya ngozi inayolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa binti yangu, mstari mmoja unamaliza viwiko vyote viwili na nyuma ya magoti yote mawili. Unaonekana kidogo, lakini ukiusambaza taratibu, kufuata jinsi vinyweleo vilivyolala, ngozi inang'aa kidogo tu na inatosha. Kisha nanawa mikono.

Kabla ya hapo kuna kazi kubwa ambayo watu huiruka. Anaoga maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, namkausha kwa kumgusagusa na taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu nampaka mafuta ya mgando mwili mzima. Nasubiri kama nusu saa, ndipo krimu inakwenda pale palipovimba tu. Mafuta ni ya kila siku, mwaka mzima. Krimu ni ya siku za kuwaka. (Na kwa sababu asubuhi hizi wengi tunakoka jiko ndani: nguo au shuka lililolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka sana. Mtoto aliyepakwa asisogezwe karibu na jiko.)

Naendelea hadi ngozi iwe laini chini ya kidole, si hadi mwasho uishe tu, kwa sababu mwasho hutangulia kuondoka na uvimbe ukabaki chini. Kwake kawaida ni kama wiki moja, pengine mbili, halafu naacha. Ikipita wiki mbili bila nafuu, tunarudi kwa daktari, siongezi dozi kwa akili yangu. Usoni daktari aliruhusu ile hafifu pekee, siku chache, na mbali na macho, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba mno na steroidi ikizidi hapo inaweza kupandisha presha ya jicho. Makwapa na kinena pia hunyonya dawa nyingi. Mtoto wa nepi ndiyo zaidi, kwa kuwa nepi inaifunika dawa na kuisukuma ndani.

Jana jioni jirani wa mlango wa pili alikuja na kijana wake. "Mama, nisaidie ile krimu ya mtoto, huyu ametokwa na kitu shingoni." Kwenye ploti yetu tunakopeshana jiko, chumvi, hata sare za shule, na huyu mama amenisaidia nilipokuwa sina kitu. Nikamwinua kijana kidevu. Duara kamili, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pameanza kusafika. Nikamwambia, mama, hii sikupi. Uso wake ulibadilika, na mimi roho iliniuma.

Ile ilifanana sana na choa, ile tunayoiita mashilingi, na choa ni kuvu. Steroidi ingemtuliza mwasho siku mbili tatu, kila mtu afurahi, huku kuvu inaenea kwa raha kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Baadaye duara linapoteza umbo, na hata daktari anapata taabu kulitambua. Nilimweleza hivyo tukiwa tumesimama mlangoni, na asubuhi tukaenda pamoja kituo cha afya. Amepewa dawa ya kuvu. Tumerudi tukiongea vizuri.

Kinachonikera ni zile tyubu za mchanganyiko: steroidi, dawa ya kuvu na ya bakteria pamoja, ambazo unauziwa kwenye kemisti bila kuulizwa swali. Mtu anaona zinaua kila kitu. Geuza tyubu usome maandishi madogo nyuma. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, ujue umeshika steroidi kali, hata kama umeambiwa ni "ya mashilingi".

Na kuna dada zetu wanaopaka hizi usoni ili wang'ae. Sitaki kuwasema vibaya. Ngozi inang'aa kweli mwanzoni. Halafu inakonda, mishipa midogo inajitokeza, chunusi zinazunguka mdomo, na wakijaribu kuacha uso unawaka moto, basi wanarudi kupaka. Aliyefika hapo asione aibu kumwona daktari wa ngozi, kwa maana kuacha ghafla peke yake baada ya miezi mingi kunaweza kumtesa sana.

Mamangu leo amenionyesha mabaka meupe kwenye kiwiko cha mjukuu wake: "Si nilikwambia?" Krimu kali ikitumiwa vibaya inaweza kupausha, ndiyo. Lakini haya yalikuwepo kabla sijafungua tyubu. Ukurutu wenyewe ukitulia huacha mabaka kwenye ngozi nyeusi, meupe au meusi, na huchukua miezi kurudi rangi yake. Amenitazama, hajakubali wala hajakataa, lakini jioni ni yeye aliyempaka mafuta.

Kesho napitia shuleni. Nataka mwalimu amruhusu avae fulana ya pamba ndani ya sweta, kwa kuwa sufu inamwasha, na awaambie watoto wa dawati lake kwamba ukurutu hauambukizi.