Mboni moja kubwa, moja ndogo

Nimekaa miezi mitatu bila kuandika hili, kila nikishika simu niandike nashindwa. Leo naandika tu kwa sababu juzi kuna dada kanitumia meseji kwamba paka wake anavuta miguu ya nyuma na kila mtu anamwambia kalishwa sumu, na mimi hilo hilo ndo niliambiwa na hilo hilo ndo niliamini.

Kitumbua nilimuokota Feri, pale soko la samaki, kakiwa katoto kadogo ka njano kenye mabaka ya kahawia, kama kitumbua kilichoshika moto upande mmoja. Alikaa na mimi miaka miwili na nusu. Kanenepa, kachangamka, ruka yake ni sakafuni mpaka juu ya friji bila kugusa popote.

Sasa jioni moja nimekaa nae sebuleni kanilalia mapajani, namwangalia usoni naona jicho la kushoto mboni imetanuka nyeusi ti, karibu ijaze jicho lote, la kulia mboni imebana imekuwa kamstari. Taa ni hiyo hiyo moja, anaangalia upande huo huo. Nikampiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, kaka akasema labda kapigwa na watoto. Asubuhi mboni zikawa sawa, nikasahau. Hiyo picha bado ninayo, tarehe yake ni wiki saba kabla ya siku tuliyompima.

Baada ya hapo ilikuwa kidogo kidogo. Siku moja akaruka friji akakosa, akaanguka. Akaanza kulia usiku, sio ule mlio wa paka mwenye joto maana alishafungwa kizazi, ni mlio mrefu mzito wa mtu aliyepotea, ukimgusa mgongo karibu na mkia anageuka kama kachomwa na kitu. Alafu asubuhi moja nikamkuta jikoni miguu ya nyuma imetawanyika, anajivuta kwa ile ya mbele, chini kumelowa mkojo wake.

Jirani yangu wiki ile alikuwa ameweka sumu ya panya. Nilisimama ukutani nikamwambia maneno ambayo mama wa umri wake haambiwi. Hakunijibu.

Kwa daktari wa mifugo kitu cha kwanza alichofanya sio kuuliza maswali, alishika vidole vya miguu ya nyuma, akaweka mkono kwenye paja kwa ndani akasikilizia mapigo. Akaniambia miguu ina joto na mapigo yapo, kwa hiyo sio donge la damu, maana kuna ugonjwa wa moyo ambao damu inaganda inaziba mshipa mkubwa wa nyuma, paka anapooza ghafla na miguu inakuwa ya baridi na vikanyagio vinapauka. Kuhusu sumu akasema zile za panya zinazouzwa sana kazi yake ni kuzuia damu isigande, mnyama anavuja damu, haanzi na mboni leo alafu wiki kadhaa baadae ndo miguu. Akamfungua mdomo, fizi nyeupe. Akachukua tone la damu akaweka kwenye kipimo kile kama cha malaria, tukakaa kama dakika kumi, mistari miwili. Lukemia ya paka.

Mimi nilijua lukemia ni kansa ya damu basi. Kumbe kwa paka jina hilo ni la kirusi, yaani kijidudu cha ugonjwa kinachoambukiza, kiligunduliwa mwaka 1964 Glasgow kule Uskochi na William Jarrett na wenzake, kwenye paka aliyekuwa na uvimbe wa kansa. Kinakaa kwenye mate. Paka wakilambana, wakila bakuli moja siku nyingi, wakiumana, au mama akiwapa watoto wake, kinapita, na vitoto ndo vinashikwa kirahisi zaidi kuliko paka wakubwa. Kitumbua inawezekana kabisa alitoka nacho Feri.

Na kwenye mishipa ya fahamu kinaingia kwa njia zaidi ya moja, hapa ndo naomba usome taratibu. Kinaweza kuleta limfoma, uvimbe unaoota ndani ya mfereji wa uti wa mgongo unabana mishipa, miguu ya nyuma inaisha nguvu, mkia unalala, mkojo haushikiki. Lakini hata bila uvimbe wowote kirusi chenyewe kinaharibu seli za fahamu, na huko ndo kwenye mboni zisizolingana, leo ya kushoto kesho ya kulia, kupiga kelele ovyo, mgongo unaouma ukiguswa, kutembea kwa kupepesuka. Alafu kinashusha kinga, vimelea vingine kama tokso (toksoplasma) navyo vinapata mwanya wa kupanda kwenye ubongo. Daktari wangu aliona kwa Kitumbua ni uvimbe mgongoni, ila alisema wazi kwamba kuwa na uhakika kunataka vipimo vikubwa zaidi.

Alipewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Siku ya nne alisimama. Nilipiga kelele mpaka mtoto akatoka bafuni na povu. Tulipata wiki tano hivi, nikajifunza kumminya kibofu mwenyewe asubuhi na jioni, unaweka vidole pande mbili za tumbo unatafuta kitu kama chungwa laini unabana polepole bila haraka, na yeye alikuwa ananiachia tu huku ananiangalia. Alafu miguu ikalegea tena, safari hii na hamu ya kula ikaenda. Tulimpumzisha siku ya Alhamisi, kichwa chake kiko kwenye kiganja changu.

Nina paka mwingine, Babu, ana miaka minane na walikuwa wanakula pamoja. Alipimwa akawa safi, tukarudia baada ya wiki sita maana mapema kipimo kinaweza kisione, safi tena. Kirusi nje ya mwili hakidumu, sabuni ya kawaida inakimaliza, na binadamu hakimpati, kwa hiyo tafadhali usimtupe paka wako barabarani kwa hofu ya watoto. Chanjo ipo duniani, muulize daktari wako kama anaweza kuipata, ila haimsaidii aliyekwisha ambukizwa.

Kwa jirani nilienda kuomba radhi. Akanikaribisha kibarazani akaniambia, "Mwanangu, mie nilimuona kabla yako, alikuwa akipita juu ya ukuta anayumba, nikajua labda ana mimba."

Yule dada nimemtumia ile picha ya mboni. Baada ya dakika chache kajibu, wa kwake kubwa ni la kulia, na hata akimulika tochi ya simu halipungui. Anampeleka kesho asubuhi.