Jiwe la Kukingia Gurudumu Ndilo Lililoniharibia Breki

Kwa muda wa miezi miwili pedeli ya breki ya Hilux yangu ilikuwa ikizama hadi karibu na sakafu kabla gari halijaanza kushika, na katika miezi hiyo nilipewa ushauri na watu wasiopungua sita, kila mmoja akiwa na uhakika kamili na kila mmoja akiwa amekosea. Ninaishi Lushoto na ninashusha kabichi na viazi hadi Mombo, kwa ile barabara nyembamba inayojipinda ukingoni mwa korongo kupitia Soni, kwa hiyo habari ya breki kwangu si ya kuahirishwa mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi wa kwanza hakuinama hata kuchungulia chini ya gari. Alikanyaga pedeli mara moja, akatikisa kichwa na kusema, "Mzee, masta silinda hiyo imekwisha." Hiyo ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli. Nikanunua nyingine kwa fedha ambazo zingetosha mifuko miwili ya mbolea na chenji ikabaki. Ilipofungwa, pedeli ikazama vilevile. Baadaye nilijifunza kwamba masta silinda iliyochoka ndani hujitambulisha kwa namna yake: ukikanyaga na kushikilia, pedeli huendelea kuteremka polepole chini ya mguu, kwa sababu mafuta yanapenya kwenye mipira yake. Yangu haikuwahi kufanya hivyo. Ilishuka, ikafika mahali pake pa chini, ikasimama. Mwingine alinishauri niongeze mafuta ya usukani kwenye kikopo cha breki "ili yawe mazito". Namshukuru Mungu kwamba sikumsikiliza, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo wa breki, na hapo ningenunua kila kitu upya.

Nikaamua kwamba ni upepo umeingia kwenye mafuta ya breki, na kwamba nitautoa mwenyewe. Nilimketisha mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, kwenye usukani, nikalala chini ya gari na spana mkononi. Mpango ulikuwa mwepesi: nikisema "kanyaga" akanyage na kushikilia, nami nifungue nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu, mafuta yatoke pamoja na mapovu, nifunge, ndipo niseme "achia". Kijana alikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Kila nilipokuwa katikati ya kufunga yeye alikuwa ameshaachia, na pedeli inapopanda huku nati ikiwa wazi, mfumo hunyonya hewa badala ya kuitoa. Kwa saa mbili nzima tulikuwa tukiyajaza magurudumu upepo kwa bidii kubwa. Jioni ile pedeli iliyokuwa ya chini tu ikawa ya chini na laini kama godoro, nami nilikuwa na mafuta ya breki shingoni, kwenye nywele na kwenye rangi ya mlango, ambako yalibandua kipande ninachokiona mpaka leo.

Kesho yake nilifanya peke yangu, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu kidogo. Nilichukua chupa ya soda, nikatia mafuta safi ya breki kiasi cha vidole viwili, nikachomeka mpira mwembamba wa kuona ndani, upande mmoja kwenye nati na upande wa pili ukiwa umezama kabisa katika mafuta yale. Kwa namna hiyo hata pedeli ikinyonya, inanyonya mafuta na si hewa. Nilianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, nikamalizia la mbele kulia, bila kuacha kikopo kikauke. Ulaini ukaisha kabisa. Ila pedeli ilibaki chini.

Jirani yangu, dereva wa lori, alinikuta nimekaa kwenye ndoo nikiitazama chupa. "Kaka, unahangaika kuutoa upepo," akasema, "wakati breki za maana zinaendeshwa kwa upepo." Kwa lori lake alisema kweli. Pale kompresa hujaza matangi, ukikanyaga unafungulia upepo uende kusukuma breki, na breki ya kuegeshea hushikwa na springi nzito ambayo upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha, springi inabana na lori halisogei. Ndiyo maana humwaga maji ya tangi kila asubuhi, na ndiyo maana alinionya nisikanyage mara mbilimbili, kwani kwake huko ni kumaliza akiba. Kwangu mambo ni kinyume: mafuta hayabonyei, hewa inabonyea, na kukanyaga mara mbili ndiko kulikoniokoa.

Kwa ubishi nilikanyaga mara mbili haraka. Mara ya pili pedeli ikapokea juu, ngumu. Maana yake mafuta hayakupotea wala hayakuwa na hewa, bali yalikuwa yakijaza nafasi kubwa mahali fulani. Nilibana mpira mmoja unaopeleka mafuta kwenye ekseli ya nyuma kwa vaisigripu, koleo la kubana na kujifunga, niliyoifunga vipande vya tyubu ili usichanike, nikakanyaga tena: pedeli ikasimama kama askari wa gwaride. Nilicheka peke yangu: nafasi ile ilikuwa nyuma.

Breki za diski za mbele hujirekebisha zenyewe, kwa sababu pistoni ya kalipa, kibanio kinachoshika pedi kwenye diski, husogea mbele kadiri pedi zinavyolika na hairudi nyuma zaidi ya mpira wake unavyoivuta. Za dramu, zilizo nyuma, haziko hivyo. Breki shuu mbili, vipande vilivyopinda vilivyo ndani ya dramu, husukumwa nje zibane dramu hiyo inayozunguka na gurudumu, kisha springi huzirudisha hadi mwanzo, na zikilika pengo linaongezeka mpaka mtu au kifaa chenye meno kizisogeze. Kwenye pikapu kama yangu kifaa hicho huendeshwa na breki ya mkono: kila ukiivuta, nyuma kunajikaza kidogo.

Mimi breki ya mkono sikuivuta kwa miaka mitatu. Nilikuwa na jiwe zuri, la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, ambalo nililisifia mbele za watu kwamba halikatiki kebo.

Nilifungua dramu. Breki shuu zilikuwa nene bado, lakini vile vifaa vilikuwa vimeganda kwa kutu na vumbi. Nilivisafisha, nikapaka grisi kidogo kwenye nyuzi tu, nikavizungusha mpaka dramu ikawa inagusa kwa mbali, kisha nikavuta breki ya mkono mara nyingi hadi mlio wa kujirekebisha ulipokoma. Gharama haikufika bei ya gunia moja la viazi.

Kesho yake nilishusha mzigo Mombo kwa gia ya pili, nikigusa pedeli kwa vipindi badala ya kuikalia, na ilipokea juu njia nzima. Masta silinda ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ningali ninayo stoo. Fundi aliyeibadilisha ameniuliza mara mbili kama ninaiuza.