Kujihipnotaizi kabla ya meli ya Nansio

Mtaani kwetu Kirumba, Mwanza, ukisema unajihipnotaizi, yaani unaituliza akili mpaka inazama kwenye wazo moja, mtu wa kwanza atakuuliza umepata kwa mganga gani, wa pili ataanza kukuombea. Mama yangu alinikuta nimekaa kitandani macho nimefumba, akasimama mlangoni, "We, unasali au umelala?" nikamwambia vyote kidogo, akaondoka anaguna. Wengi wanachanganya na zile shoo za kwenye TV jamaa anapepesa saa mtu anaanza kubweka, siyo hiyo, hii unajifanyia mwenyewe, akili zako unazo zote na ukitaka kuamka unaamka.

Mi ni fundi sola. Siku zote kazi zangu za mjini tu, Igoma, Buhongwa, Nyegezi, mpaka bosi akasema sasa hivi wateja wako visiwani, Ukerewe na Ukara, anayetaka aandike jina. Hela ya visiwani nzuri, ishu ni Ziwa Victoria. Nyumba niliyokulia tarehe 21 Mei haipitagi hivi hivi, MV Bukoba ilipozama 1996 tuliondokewa na ndugu, na makaburi ya pale Igoma nimeanza kupelekwa nikiwa mdogo kabisa. Halafu Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, imebaki kidogo tu ifike gati, watu zaidi ya 200 wakafa. Kwa hiyo mtu asije kuniambia huu woga ni utoto. (Na msiniletee habari za daraja, la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3, zuri kweli kweli, ila haliendi Ukerewe, hata ukizunguka Bunda bado pale Kisorya unapanda kivuko.)

Jina niliandika. Usingizi ndo ukakata.

Nikaanza kusoma soma kwenye simu usiku, ndo nikakutana na mambo ya James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyekuwa Manchester, ambaye miaka ya 1840 aligundua kwamba hakuna nguvu za ajabu zinazotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ukikazia macho kitu kimoja kwa muda kope zinachoka na akili yenyewe inatulia. Na huyu mwingine Émile Coué, Mfaransa muuza dawa, aliona wateja aliowasifia dawa wanapona vizuri kuliko aliowapa kimya kimya, akaja kufundisha watu kujisemea maneno asubuhi na usiku mara 20, wanahesabu kwa kamba yenye mafundo 20. Huyo ndo alinishika, maana alikuwa anasema nia ikigombana na picha iliyoko kichwani, picha ndo inashinda. Basi nikajiona mwenyewe. Siku zote nilikuwa nakaza roho, mi mtu mzima siogopi, huku kichwani meli inaendelea kulala ubavu.

Ninavyofanya mimi ni hivi, nakaa, nachagua alama moja ukutani juu kidogo ya usawa wa macho (kwangu kuna msumari wa kalenda), naikodolea huku natoa pumzi taratibu mpaka macho yenyewe yanataka kufumba, nayaacha yafumbe, nahesabu kumi kurudi moja nikijiona nashuka ngazi, nikifika chini nasema sentensi yangu. Nikimaliza nahesabu kupanda juu, nafumbua, kwisha. Usijaribu ukiwa kwenye usukani wala juu ya bodaboda, tafadhali.

Hiyo sentensi ndo ilinisumbua kuliko vyote. Huko mtandaoni wanakwambia sema mimi ni jasiri, mimi ni simba, sijui nini, mi nilikuwa nikisema hivyo nacheka mwenyewe. "Sitazama" nayo siwezi kuisema, nani kanihakikishia? Nikabaki na vile ninavyoweza kuvithibitisha kwa mikono yangu: nimekaa, laifujaketi najua iliko, napumua. Basi. Siku ya kwanza kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, meli ilipoacha bandari ya Mwanza mikono ililowa jasho vile vile, tumbo likavurugika, lakini ile picha ya meli kulala ubavu haikupata nafasi maana nilikuwa na kazi ya kufanya, nimekaa, jaketi ile pale, napumua. Sa hivi huwa nalala njiani, na jaketi bado naitafuta kwa macho kabla sijakaa, hilo siachi.

Sasa mama mwenye nyumba wangu, anauza dagaa pale mwaloni, kijana wake wa mwisho anavua usiku na yeye halali mpaka mtumbwi urudi. Akaniambia, mwanangu, na mimi nifundishe hicho kilichokufanya uwe unakoroma hivyo. Nikamkalisha kwenye kochi, nikaanza sauti ya upole, mama jione unashuka ngazi, akafumbua jicho moja, "Ngazi za nini na magoti yangu haya?" Nikamuuliza sasa wewe mama kitu gani unakifanya mpaka unasahau mambo yote. Akasema kuanika. Basi akafumba macho, akaanza kuanika dagaa kichwani kwake, vidole vinacheza kabisa juu ya kanga, anachota, anamwaga, anatawanya, anamtoa mchafu, anasogea chanja ya pili. Mi nilinyamaza tu, sikuwa na la kuongeza. Ananiambia siku hizi chanja ya tatu huwa haimalizi. Kijana akirudi anamkuta kalala, na jamaa kalalamika eti zamani alikuwa anakuta chai.

Wameanza kuja na wengine, dada mmoja anaogopa sindano, binti wa jirani ana mtihani. Hao nawauliza kwanza wanaanika nini. Alikuja na kaka mmoja anasikia sauti za watu ambao hawapo, huyo nilimsindikiza hospitali, kujihipnotaizi siyo tiba ya hilo na sitaki mtu ajaribu.

Mwezi ujao naanza kujifunza kuogelea. Bwawa la hoteli, siyo ziwani, maana kichocho hakijui hipnosisi. Mama mwenye nyumba kasema atakuja kuangalia ila nikizama asiitwe shahidi.