Kumbukumbu ya mradi: kutoka vipande nane vya boya hadi sifuri

Lengo: mtoto wa miaka miwili na nusu, kilo 13, kifua sentimita 51, aelee na kupiga mateke akiwa amelala majini, kisha vifaa vimtoke kidogo kidogo. Kila uamuzi humu umepimwa kwa swali moja: kifaa hiki kinaupa mwili mkao gani? Kumtuliza mzazi si kigezo. Kifaa kinachomtuliza mzazi sana mara nyingi ndicho kinachomsimamisha mtoto wima, na aliyesimama wima majini haogelei, anakanyaga tu kama anayeendesha baiskeli.

Vipimo na lebo

Umri ulioandikwa kwenye boksi hausaidii sana. Kinachotakiwa ni uzito na mzunguko wa kifua, utepe ukipita chini ya makwapa. Lebo ikitaja EN 13138, hicho ni kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kujifunzia kuogelea. Sehemu ya 1 ni ya vinavyovaliwa, ya 2 ni ya vinavyoshikwa mkononi, na ya 3 ni ya viti vya kuelea. Ikitaja ISO 12402, hilo ni jaketi okozi au boya la usalama, na namba 50, 100, 150 au 275 iliyo juu yake ni nguvu ya kuelea kwa niutoni, yaani kipimo cha nguvu. Hivi ni vitu viwili tofauti. Kwenye mashua mtoto huvaa jaketi okozi. Cha kujifunzia hakimkingi kuzama, na mtu mzima hukaa majini karibu naye, umbali wa kumfikia kwa mkono bila kupiga hatua.

Vilivyokataliwa mapema

Pete ya shingoni haikufikiriwa hata kidogo. Juni 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo dhidi ya pete hizo kutumika katika tiba ya majini kwa watoto wachanga. Kiti cha kuelea nacho kimeachwa: mtoto hukaa juu ya maji, hafanyi kazi yoyote, na kiti kikipinduka miguu hukwama kwenye matundu huku kichwa kiko chini.

Maboya ya mikononi ya kujaza upepo yamebaki kama akiba tu. Anayeyatumia ayavalishe hivi: lowesha mikono ya mtoto, pandisha boya likiwa tupu hadi juu ya kiwiko, kisha jaza vyumba vyote viwili huku ukibana shina la valvu ili kilango cha ndani kifunguke. Funga, sukuma valvu izame ndani, halafu vuta boya kuelekea kiganjani. Likiteleza, ongeza upepo. Lililojazwa juani hulegea likiingia kwenye maji baridi, maana hewa ikipoa hupungua ujazo, kwa hiyo kagua tena baada ya dakika chache majini. Kasoro yake kubwa ni ya mkao: mikono huinuliwa pembeni, kifua kinapanda, miguu inashuka, na viganja havina nafasi ya kuvuta maji.

Kilichochaguliwa

Jaketi la kuogelea la neopreni (mpira laini unaonyumbulika) lenye mifuko minane, kila mfuko na kipande cha sponji isiyonyonya maji, sentimita 20 kwa 8 kwa 2.5. Sababu ni kwamba vipande hutoka. Lina zipu mbele, klipu juu ya zipu, na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lisilo na mkanda huo lisinunuliwe, kwa sababu hupanda hadi masikioni mara tu mtoto anapoingia majini.

Kulipima: mtoto anyooshe mikono juu, ushike mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likigusa kidevu au masikio, ni kubwa. Jaribio hili lirudiwe likiwa limelowa. Neopreni iliyolowa hunyooka, na jaketi lililobana vizuri sebuleni linaweza kupwaya bwawani.

Ndoo na jiwe

Kwa hesabu, kipande cha ukubwa huo ni sentimita za ujazo 400. Kila lita moja ya maji inayosukumwa kando humwinua mtu kwa karibu kilo moja, kwa hiyo kipande kimoja kinatakiwa kutoa karibu gramu 400, ukitoa uzito wake mwenyewe ambao ni mdogo mno. Kuhakikisha ni rahisi. Ning'iniza jiwe la kilo 5 kwenye mizani ya kuning'iniza, lizame lote kwenye ndoo kubwa bila kugusa chini. Mizani inasoma kama kilo 3.1. Fungia jozi moja ya vipande juu ya jiwe, vyote vizame, usome tena: 2.3. Tofauti, kilo 0.8, ndiyo nguvu ya jozi. Usijaribu vyote nane kwa pamoja, kwa sababu jiwe linakaribia kuelea na mizani haisomi kitu.

Pima na jaketi tupu pia. Neopreni ina viputo vya hewa ndani yake, kwa hiyo jaketi lisilo na kipande hata kimoja bado linamwinua mtoto. Wengi hulisahau hili, wakadhani mtoto ameshaogelea bila msaada.

Andika namba za siku ya kwanza. Kila baada ya miezi kadhaa pima tena, na pima kila kipande kikavu: kikiwa kizito kuliko mwanzo hata baada ya kukaushwa, sponji imepasuka na inanyonya maji. Kitupe.

Kupunguza

Vipande hutolewa kwa jozi, kimoja kulia na kimoja kushoto. Ukitoa kimoja tu mtoto anapinda ubavu, naye hujifunza kujirekebisha kwa kupiga teke la mguu mmoja, tabia ngumu kuiondoa baadaye. Kama mtengenezaji hajaelekeza vingine, jozi ya kwanza kutoka ni ya kifuani juu. Ndiyo inayomsimamisha. Ikishatoka, kifua kinashuka kidogo na miguu inapanda yenyewe bila kuambiwa.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Vipande vikibaki mgongoni tu, mwili unatulia ukiwa kifudifudi, na mtoto ambaye bado hajui kuinua kichwa apumue atabaki uso ukiwa majini. Hatua hiyo ni ya mkono wa mtu mzima chini ya kifua muda wote. Kabla yake mtoto awe anaweza mambo mawili: kupuliza viputo akiwa na mdomo majini, na kugeuka chali akisaidiwa kwa vidole tu.

Jozi inayofuata haitoki kwa kalenda. Inatoka anapopiga mateke mita tatu akiwa amelala, visigino vikivunja uso wa maji, bila kutafuta sakafu. Akirudi kukanyaga wima, jozi inarudishwa, bila kelele.

Katika kila kipindi cha nusu saa, nusu ya muda jaketi linavuliwa kabisa na mtoto anashikwa. Bila hivyo anaizoea nguvu ambayo si yake, na siku akiingia majini bila jaketi atajirusha kwa imani ileile. Maji yawe nyuzi 30 hadi 32. Midomo ikianza kuwa ya buluu au akitetemeka, kipindi kimekwisha hata kama zimepita dakika kumi.

Mengine

Nguo ya kuogelea ya rangi ya chungwa au waridi kali. Ya buluu au nyeupe hupotea kabisa machoni ikiwa chini ya maji. Itandaze kwenye sakafu ya bwawa uone mwenyewe. Ubao wa kupigia mateke umesubirishwa, kwa sababu mtoto wa umri huu huulalia tumbo, ukamponyoka. Fimbo ndefu ya sponji chini ya makwapa inafaa, mtu mzima akizishika ncha zote mbili nyuma ya mgongo.

Baada ya bwawa jaketi linasuuzwa kwa maji safi, vipande vinatolewa mifukoni na kukaushwa kivulini. Jua kali huifanya sponji kuwa ngumu na kuvunjika kingoni.

Hali ilivyo sasa

Jozi mbili zimetoka, za kifuani, na zimebaki mbili za mgongoni. Mkono hautoki chini ya kifua. Mateke yako sawa, pumzi bado: anainua kichwa kwa kukaza shingo badala ya kugeuka. Kwa hiyo hakuna jozi nyingine itakayotoka mpaka kugeuka chali kukamilike bila jaketi. Miwani itajaribiwa hapo, ile ya mkanda mmoja mpana, kwa mazoezi ya kuokota vitu kwenye ngazi tu.